Bonde Nililolifukia

Nakiri kwamba mimi, ninayechunguza hati za kale neno kwa neno, sikukisoma kibao kilichosimama mbele ya nyumba yangu katika jiji la Brooklyn Park. Kilikuwa katika bonde dogo lenye magugu. Niliona bonde lile ni aibu, nikalifukia kwa udongo niliousomba kwa wilbaro yangu, nikapanda nyasi.

Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, maji yaliingia nyumbani kwa jirani yangu, Mama Kemunto, yakamharibia mazulia yote. Kwa uchungu nilimsindikiza kwenye kikao cha jiji, nikawakemea wahandisi: “Mpango wenu wa maji ya mvua uko wapi?”

Mhandisi mmoja akaonyesha picha ya mtaa wetu ukutani. “Tulichimba bonde hapa liyapokee, tukaweka na kibao cha kueleza. Mtu amelifukia.”

Mama Kemunto akaitazama, kisha akanigeukia polepole.

“Prof, na hiyo wilbaro si yako?”