Soksi ya Fundi

Fundi wa magari wa kichochoro chetu, hapa Shubra, huvua viatu kabla ya kuingia kwenye gari la mtu, utadhani anaingia msikitini, na hunusa kwanza, spana baadaye. Juzi Bahgat wa teksi alilalama kwamba maji ya rejeta yanaisha kila siku na chini hakuna hata tone. Fundi akakaa kiti cha abiria huku akiimba puani, akachezesha vidole vya miguu kwenye kapeti, kisha akavua soksi iliyolowa na kuinusa mbele yetu sote.

“Inanukia sukari!”

“Sharubati hiyo,” Bahgat akasema. “Mama mkwe aliimwaga tukitoka harusini. Mwezi mzima namsema kwa jengo zima, na simpakii tena.”

“Sharubati gani haikauki mwezi mzima, we mtu? Haya ni maji ya rejeta, dawa yake ndiyo inayonukia sukari. Hita inavuja humu ndani, chini ya dashibodi. Hita nitaitengeneza leo leo. Mama mkwe utamtengeneza mwenyewe.”

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mara kikapu kilichofungwa kamba kikateremka taratibu kutoka dirisha la ghorofa ya tatu juu yetu, anakokaa mama mkwe wa Bahgat.

“Mkwe wangu,” sauti yake ikashuka nacho, “itie humo hiyo soksi. Leo jengo zima litainusa.”