Ukuta wa Idi

Juzi, rafiki yangu, nilishuka bondeni Nandagala, kule kwetu Ruangwa, na jembe begani kuchimba udongo mweupe. Waliokuwa wakikata ufuta walinyanyua migongo kunitazama. Mmoja akauliza kama rangi ninazonunua huko Dar zimekwisha. Nikamjibu zipo, tena mimi nanunua zile za ghali, ila weupe wa ukuta wa bibi yangu hauuzwi dukani.

Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Nina stashahada ya uchoraji, na niliipata kwa jasho langu, nikichora mabango ya saluni na mabucha ili nilipe ada. Leo nina nyumba yangu Nachingwea, na chumba chake cha kuchorea kina madirisha mapana kuliko ya ofisi nyingi unazozijua. Nilipanga Idi ya kuchinja ikipita tu nifungue Dar es Salaam maonyesho ya picha zangu peke yangu. Picha iliyobaki, kubwa kuliko zote, ilikuwa ya ukuta huo wa bibi. Nilikuwa nimefika nusu.

Nilipochanganya ule udongo na maji, harufu yake ikanirudisha utotoni. Mvua zikishakatika, kuta zetu za udongo zilibaki na mifereji na madoa, na kabla ya sikukuu ilikuwa lazima zipakwe upya. Bibi alipika uji mwepesi wa muhogo wa kushikisha rangi, nasi wajukuu tuliuiba kwa vidole mpaka akatufukuza kwa mwiko. Udongo mwekundu tuliutoa kwenye kichuguu. Weusi ulitokana na mkaa uliotwangwa, na mlio wa kinu hicho ulikuwa tofauti na wa kinu cha mahindi, mkavu, kama mtu anayekohoa. Rangi zilikaa kwenye vifuu vya nazi. Brashi yangu ilikuwa kijiti nilichokitafuna ncha, na mdomo ulikaa na uchungu wa ganda la mti siku nzima.

Dada yangu mkubwa alipaka chini kwa kitambaa, mistari iliyonyooka. Juu, palipokauka kwanza, niliachiwa mimi. Nilikuwa mdogo, lakini hata wakati huo hapakuwa na mkono mwingine pale kijijini wa kushindana na wangu. Mwaka wa kwanza nilichora chui. Jirani yetu, mama mmoja wa Kimakonde ambaye ukuta wake ulisubiri Krismasi, alikuja akasimama, mkono kiunoni.

"Mama, huyu mbuzi wenu amepata ndui?"

"Ni chui," bibi akajibu bila kugeuka. "Humjui kwa sababu hajafika kwako."

"Akifika nitampa dawa ya ndui."

Wakacheka mpaka bibi akaketi chini. Ilipofika Krismasi, jirani huyo huyo akaja kuniomba kwa bibi, nikamchorea kanga na vifaranga wake ukuta mzima. Nililipwa paja la kuku.

Asubuhi ya Idi bibi aliniambia maneno yale yale kila mwaka: "Mgeni ataona ukuta kabla hajaniona mimi. Usiniaibishe." Na kweli, watu wakitoka kuswali walipita nyumba kwa nyumba, wakasimama kwanza mbele ya ukuta, wakabishana, ndipo wakaingia kula. Harufu ya pilau ilichanganyika na ya udongo ambao haujakauka vizuri. Mwalimu wetu, mtu wa kutoka Bukoba aliyekaa mbali na kwao, alikula kwetu kila Idi, na kila mara aliuliza ni nani aliyechora. Bibi alinionyesha kwa kidevu, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Sikuwa nimewahi kusikia neno maonyesho. Kumbe nilikuwa nayo kila mwaka, na jamaa zangu wote walikuwa ndani yake.

Sasa sikia. Nilipokuwa nikipaka ule udongo kwenye turubai la kuchorea, dada akapiga simu.

"Kaka, Idi hii tupo wote. Hata wa Mtwara wamefika. Unakuja?"

"Gari la kubeba picha linakuja kesho yake alfajiri, dada. Sijamaliza."

"Hizo picha zinakula pilau?"

"Ni ukuta wa bibi, dada. Watu wa Dar watauona."

"Na sisi je? Sisi tutauona lini?"

Nikamwambia nitajitahidi kufika mchana. Yeye anakaa pale pale alipoishi marehemu bibi, ila nyumba si ile. Ni ya tofali, bati la bluu, sakafu ya vigae. Niliijenga mimi, na hakuna nyumba nyingine ya namna ile njia nzima ya kwenda Mandawa. Haihitaji kupakwa na mtu. Mvua inapiga ukuta unabaki vile vile, na sikukuu ikifika watoto wanashinda na simu zao, hawatumwi kichuguuni.

Siku ya Idi niliswali hapa Nachingwea nikarudi kazini. Mchana ukafika. Kona ya juu ilikuwa bado, ile niliyokuwa nikiachiwa mimi, na kila nilipotaka kunawa niliona pengine pa kurekebisha. Dada alipiga, nikasikia vicheko vya ndugu zangu nyuma ya sauti yake, kila mmoja nikimtambua. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama nina chombo cha kupashia chakula.

Alasiri bodaboda akaleta hotipoti kutoka Ruangwa, imefungwa kwa kanga. Pilau, vipande vya mbuzi, kachumbari pembeni. Ilikuwa bado ya moto. Picha ilikuwa imekwisha, na nakwambia bila aibu, ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Niligeuka nitafute mtu wa kumwonyesha, halafu nitafute pa kukaa. Kila kiti cha nyumba yangu kilikuwa kimebeba picha mbichi. Nikala nimesimama.