Kanda ya Kurudiwa na Kisima cha Tarbaj

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya maji, Garissa, nilihisi nimeingia ndotoni. Nje jua lilichoma mabati. Ndani ya chumba cha kompyuta kulikuwa na ubaridi na mvumo mwembamba usiokatika, kama watu wanaosoma dua mbali. Ilikuwa miaka ya tisini, na kompyuta nilikuwa nimeziona pichani tu.

Msimamizi wa Kompyuta, mama mtaratibu kutoka Mwingi, alinionyesha kabati la kanda za nakala za akiba, ambazo tuliziita bekapu. Alinieleza kwamba programu huipa kila kanda hali yake. Iliyo "wazi" bado inapokea maandishi. "Iliyojaa" haipokei tena, wala haiguswi mpaka muda wake wa kutunzwa uishe. Ukiisha, huwa "ya kurudiwa": programu inaweza kuandika juu yake. Yenye "hitilafu" imekataa kusomeka.

Kiangazi kimoja pampu ya kisima cha Tarbaj, kijiji cha wafugaji mbali kaskazini, ilikatika ikatumbukia chini. Mafundi hawakuweza kuivua bila kujua kina cha kisima na upana wa mabomba yake. Juma hilohilo diski yetu, yenye kumbukumbu za visima vyote, iliungua. Mzee Nuur, aliyetumwa na watu wa Tarbaj, alikuja kwa lori la mbuzi, akaketi kwenye korido yetu, kofia magotini.

Kanda yenye nakala nzima ya karibuni ilionyesha hitilafu. Zilizojaa zilikuwa na mabadiliko ya baadaye tu. Mhandisi wa Mkoa akasema tungoje watu wa vipimo kutoka Nairobi. Nilimtafsiria mzee kwa Kisomali. Hakubisha, alisema tu kwamba ndama wa ngamia wameanza kulala wasiamke.

Msimamizi akatazama mashine ya kusomea kanda. Ndani mlikuwa na kanda ya kurudiwa, yenye nakala nzima ya zamani, niliyoipakia ili iandikwe upya jioni.

"Itoe polepole," aliniambia. "Imeruhusiwa kuandikwa upya, lakini bado haijaandikwa. Yaliyomo yamo."

Akasukuma kidude cha pembeni kinachozuia kuandika, akairudisha isomwe. Ikaanza kuzunguka. Alasiri ile ilirefuka kama safari ya jangwani. Nilisikia adhana, na sikujua kama nimelala au niko macho. Mzee Nuur alisimama mlangoni.

"Yaani kisima iko ndani ya hii?" aliniuliza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali, ili Msimamizi naye asikie.

"Habari zake, adeer," nilisema, nikimwita ami kwa Kisomali.

"Na maji bado ibo?"

Nilimshika mkono.

Vipimo vilitokea kwenye skrini, mstari baada ya mstari. Mhandisi alivisoma akiwa amesimama, kisha akaita gari. Pampu ilivuliwa. Baadhi ya ndama hawakuyawahi maji.

Baadaye nilitumwa Tarbaj kikazi. Hakuna aliyenijua pale kisimani. Nilikunywa maji yenye chumvi kidogo, vuguvugu, nikaendelea na safari.

Sasa nimestaafu. Vijana huniambia kanda zimepitwa na wakati, nami sibishani nao. Lakini mchana wa joto, usingizi ukianza kunichukua, huwasikia ngamia wakinywa, wengi, bila haraka, na sitaki mtu aniamshe.