Waya Uliochemshwa

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa na jino moja la mbele, la juu, lililokataa kukaa na wenzake. Liliota nyuma ya safu, na kila nilipofunga mdomo lilijificha nyuma ya meno ya chini, likiyasukuma mpaka ufizi ukaanza kushuka. Mimi nilikuwa mtu wa kusema, tena kwa sauti, na sura ya jino hilo haikuninyima usingizi. Lakini lilipoanza kuuma, bibi yangu, aliyenilea pale Mabwerebwere, alinipandisha basi tukaenda Mikumi, kwenye zahanati ambako daktari wa meno alikuwa akija mara moja kwa mwezi.

Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye mikono mitulivu. Alimwamkia bibi, akanitazama mdomo, kisha akazungumza na mimi mwenyewe. "Naweza kuling'oa leo, mambo yakaisha. Au nikutengenezee waya, uuvae miezi kama sita, ulivute jino litoke mbele. Lakini waya unataka mtu wa kuutunza. Wewe unaonaje?"

"Mimi nalitaka jino langu," nikasema.

Bibi aligeuka akanitazama kwa mshangao. Katika maisha yake sidhani kama alikuwa amewahi kuona mtoto akiulizwa jambo kama lile, achilia mbali mtoto aliyejibu.

Mwezi uliofuata waya ukawa tayari. Ulikuwa kipande cha plastiki ya rangi ya ufizi, kilichochukua umbo la kaakaa langu, na waya mbili za kushika magego, na nyingine nyembamba iliyojikunja nyuma ya lile jino kaidi ili ilisukume. Daktari aliniwekea, akaniambia niume, nikauma. Kisha akanipa masharti. Niuvae mchana na usiku, niutoe wakati wa kula na kuusafisha tu. Na kubwa kuliko yote: "Vifaa vya kutengenezea vinatoka mbali, na vya mwingine sina. Huu ukiharibika kabla jino halijavuka, nitaling'oa."

Wiki ya kwanza mate yalinitoka kama mtoto anayeota meno, na maneno yalitoka kama ya mtu aliyejaza ubwabwa mdomoni. Shuleni wakanipachika jina la Waya. Nikaitika. Aliyeita kwa kejeli nilimwuliza kama kwao wanao, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa nao wilaya nzima ya Kilosa, walichoka wao kabla yangu.

Nyumbani nilijiwekea utaratibu. Kabla ya kula na bibi kwenye sinia moja niligeukia ukutani, nikautoa waya, nikautia katika kikopo cha mafuta ya kujipaka nilichokisugua kwa jivu, chenye maji safi. Baada ya kula nilisukutua, nikausugua waya nje na ndani, kwenye kila kona inayoshika ugali. Mswaki wa dukani tulikuwa nao mmoja, nikaupa waya. Meno yenyewe niliendelea kuyasugua kwa mswaki wa mti, na hayakulalamika. Kila mwezi tulipokwenda Mikumi daktari aliikaza ile waya nyembamba kwa koleo ndogo, jino likauma siku mbili, nikanywa uji siku mbili. Nilipima safari yake kwa ukucha wa kidole gumba: mwezi wa nne ukucha ulipita kwa taabu kati ya jino lile na meno ya chini, likiwa bado nyuma. Mwezi wa tano haukupita tena. Yalikuwa yamegusana ncha kwa ncha. Nilijiona fundi mkuu.

Bibi alifuatilia yote haya bila kusema mengi. Alikuwa mtu wa haya kuhusu mdomo wake. Akicheka alivuta khanga akajifunika, hata tukiwa wawili tu, na mimi nilidhani ndivyo wanawake wa rika lake wanavyocheka.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ambapo redio ilifundisha watu wazima kila kitu, kuanzia mbolea mpaka choo. Kundi la afya la mtaa wetu lilikutana uani kwetu alasiri, redio juu ya kigoda, wanawake kumi na wawili kwenye mikeka. Bibi alikuwa mwenyekiti. Kulikuwa na kijitabu cha kusoma baada ya kipindi, na msomaji nilikuwa mimi, pamoja na waya wangu. Nilikipenda kile cheo kupita kiasi.

Siku ya somo la maji, kijitabu kilisema maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, yaachwe yapoe, yafunikwe. Basi. Lakini nilipoinua macho nikaona watu wazima kumi na wawili wametulia wananisikiliza, kichwa kikavimba, nikaendelea kana kwamba bado ninasoma: "Na chochote kinachoingia mdomoni bila kuchemshwa ni sumu."

"Hata embe?" akauliza mmoja.

"Embe lina ganda lake," nikajibu bila kupepesa.

Bibi akatikisa kichwa kwa kukubali, taratibu, kama mwenyekiti anayepitisha azimio.

Siku tatu baadaye nilikula mchana nikiwa na haraka, kwa sababu alasiri tulikuwa na zamu kwenye shamba la shule, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe nikausahau waya ndani ya kikopo. Nilikumbuka nikiwa katikati ya tuta. Sikuwa na wasiwasi, nilijua nyumbani uko salama.

Niliporudi, bibi alikuwa amekaa mlangoni akinisubiri. Waya ulikuwa juu ya kitambaa cheupe, unang'aa.

"Nimekuchemshia," akasema kwa fahari. "Umetokota vizuri sana."

Nikauweka mdomoni. Ulikataa. Nikausukuma kwa kidole, ukapanda upande mmoja ukashuka mwingine. Plastiki ilikuwa imejipinda.

"Umeniharibia, bibi! Sasa litang'olewa!" Nilimpigia kelele ambazo sikuwa nimewahi kumpigia, wala sikurudia tena.

Alisimama pale na kitambaa mkononi. "Lakini si wewe uliyetusomea?"

Nilijua kijitabu kimesema nini, na nilijua nani alisema yaliyobaki. Ningeweza kumwambia pale pale. Badala yake niliingia ndani nikamwacha abebe kosa peke yake, na hilo ndilo ninaloona haya nalo mpaka leo, si waya.

Zilibaki wiki mbili kwenda Mikumi. Kulia sikujua sana, lakini jino langu nililifahamu. Ile waya nyembamba ilikuwa ikilisukuma kutoka nyuma, basi nami nitalisukuma kutoka nyuma. Nilichukua mpini wa mwiko uliovunjika, nikauchonga ukawa bapa, upana wa kidole, nikaulainisha kwa kigae. Niliweka ncha nyuma ya jino, nikaegemeza kijiti kwenye meno ya chini, nikakandamiza nikihesabu mpaka mia. Nilifanya hivyo baada ya kila mlo, na kati ya mlo na mlo, mpaka taya zikachoka.

Siku ya pili bibi alikuja akaketi karibu. "Hicho kijiti," akauliza kwa sauti ndogo, "kichemshwe au kisichemshwe?"

"Kioshwe tu, bibi," nikasema, na bado sikumwambia.

Tulipofika Mikumi, daktari aliupokea waya akaugeuza mara mbili. "Huu umechemshwa. Nani kaufanya hivi?"

"Mimi," nikasema upesi.

"Mwongo huyo," akasema bibi. Alisimama, akaitupa khanga nyuma ya bega, akafungua mdomo mbele ya daktari. Nikayaona meno yake ya mbele kwa mara ya kwanza sawasawa. Yalikuwa yamechongwa, kila moja ncha kama ya msumeno, na mawili yameoza mpaka kwenye ufizi.

"Nilikuwa mdogo kuliko huyu. Mama alinishika mikono, shangazi akanikalia miguu, mzee akapiga patasi, ili niwe mzuri. Hakuna aliyeniuliza. Huyu ulimwuliza wewe mwenyewe, akasema analitaka jino lake, na amelitunza. Kosa ni langu mimi. Usiling'oe, daktari."

Daktari alinigeukia. "Uma."

Nikauma.

"Fungua. Uma tena." Akainama, akapitisha kidole mbele ya meno yangu. "Limevuka," akasema. "Liko mbele. Sasa meno ya chini yenyewe yatalizuia lisirudi. Waya hauhitajiki tena." Nilipomwonyesha kijiti alicheka mpaka akaketi.

Alinipa kioo. Nilijitazama sana, sikatai. Kisha bibi akanyoosha mkono, nikampa, naye akajitazama mdomo wake kabla ya kumrudishia daktari.

Tuliporudi, basi lilipokuwa linapita kijiji cha Ulaya, watu wakitoka gulioni na baiskeli zao, sikuweza kuvumilia tena.

"Bibi. Kile kijitabu kilisema maji ya kunywa tu. Hayo mengine niliyaongeza mimi."

Akanigeukia. "Hata la embe?"

"Hata la embe. Nisamehe, bibi."

Nikangoja kofi, maana nililistahili. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika. Bibi alicheka kwa sauti, basi zima likageuka, na khanga ilikuwa pale pale begani, na mikono yake yote miwili ilibaki mapajani.