Furushi la Shule Tatu

Mwalimu Anaeli Sumari alianza kuchoka mwaka wa 1953, na huu ulikuwa wa 1956. Asubuhi alifundisha katika shule ya kati ya misheni, mlimani, juu kidogo ya Nkoaranga. Mchana alipalilia kahawa yake. Jioni alifundisha kwaya ya usharika, ambayo sauti yake ya nne haikuwahi kupatana na sauti nyingine yoyote. Mtu mwenye akili timamu, akiishi hivyo, angetafuta kitanda. Yeye alitafuta gazeti.

Lilikuwa gazeti la wanafunzi. Mwenzake katika wazimu huo alikuwa Kishor, mwalimu wa shule ya Wahindi mjini Arusha, mtu mwembamba mwenye taipureta na kikohozi. Siku hizo serikali ya Mwingereza iligawa shule kwa rangi: Waafrika kwao, Wahindi kwao, Wazungu kwao. Mtoto wa Nkoaranga alimjua mtoto wa Kihindi kwa kumuuliza bei ya chumvi, basi. Walimu hao wawili wakaona kwamba kama watoto hawaruhusiwi kukaa dawati moja, angalau wakae katika gazeti moja, kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya mama wa yeyote kati yao. Shule ya Wagiriki ikakubali kuwa ya tatu, maana watoto wa walowezi wale walikulia mashambani, na Kiswahili chao kilikuwa cha vibarua, kitamu na kichafu. Barua za kuomba kibali zilikwenda na kurudi miaka miwili. Kibali kilipotoka, Anaeli hakuwa na nguvu hata ya kufurahi.

Insha kumi na nne zilipatikana, kila moja nakala moja tu, mwandiko wa mtoto mwenyewe. Iliyozipita zote ilikuwa ya Ndeshi, msichana wa darasa la nane, binti wa Mzee Lemburis. Aliiita "Shingo ya Mama." Ilieleza jinsi mama yake anavyobeba ndizi kichwani hadi soko la mjini kabla jua halijatoka, kisha anarudi kuchuma kahawa, na jinsi fedha za kahawa zilivyonunua baiskeli ya baba, ambayo haijabeba hata mkungu mmoja kwa kuwa, alivyosema baba, utomvu wa ndizi huharibu rangi.

"Mwalimu, baba akijua nimeandika haya ataniondoa shule," Ndeshi alimwambia. "Dada yangu aliondolewa akaozwa kwa kosa dogo kuliko hili."

"Hatajua. Jina lako halitatokea. Nakuahidi."

Aliahidi haraka, kama mtu anayetaka kwenda kulala.

Jumamosi moja ya masika alizikunja insha zote pamoja, akazifunga kwa majani makavu ya mgomba, kama watu wa mlimani wanavyofunga kila kitu wasichotaka kilowe. Jumatatu angeshuka nazo mjini, Kishor azipige chapa. Kisha akafunga mayai ya sadaka, kwa majani yaleyale na kamba ileile, akayaweka mafurushi yote mawili juu ya sanduku moja. Alfajiri ya Jumapili, akiwa na usingizi bado machoni, mkono wake ukachukua moja.

Aligundua akiwa ameshakaa kwenye benchi la kwaya. Furushi lilikuwa mbele ya madhabahu, kati ya mikungu ya ndizi na jogoo aliyefungwa miguu, na halikuwa na vinundu vya mayai. Jasho likamtoka. Pale usharikani sadaka za namna hiyo zilipigwa mnada nje baada ya ibada, na kilichokwisha kuwekwa mbele ya Mungu hakikurudishwa. Mwenye kukitaka alinunua kama wengine. Angeweza kusema ni makaratasi. Lakini mpiga mnada alikuwa Mzee Bariki, na Mzee Bariki hakuona maandishi akanyamaza; hata karatasi ya sabuni aliwasomea watu. Anaeli akaona heri anunue kimya kimya.

"Mayai ya Mwalimu!" Mzee Bariki akapaza sauti, akilipima furushi mkononi. "Mepesi kweli! Kuku wa Mwalimu nao wamechoka! Nani anaanza?"

"Mimi," akasema Anaeli.

Watu wakaangua kicheko. "Mwalimu ananunua mayai yake mwenyewe! Mkeo Mama Hanna amekunyima nini?"

Mzee Lemburis hakucheka. Alikuwa mtu asiyekubali kushindwa mnadani, na alikuwa anamtazama Mwalimu usoni. Mtu hatokwi na jasho namna ile kwa ajili ya mayai. Akaongeza bei. Anaeli akaongeza. Lemburis akaongeza tena, sasa kwa raha, mpaka bei ikampita jogoo, na Mwalimu akabaki anapapasa mfuko usio na kitu. Lemburis akatundika furushi kwenye usukani wa baiskeli yake, akaondoka akiisukuma, na Ndeshi nyuma yake na kitabu cha nyimbo.

Nyumbani Anaeli aliketi bila kuvua koti.

"Baba Hanna, nenda," mkewe, Eunike, akamwambia.

"Niende nikaseme nini? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Lemburis hajui kusoma. Nyumba ile msomaji ni mmoja."

Hilo hakuwa amelifikiria. Likampa tumaini, tena tumaini la aibu: kwamba mtoto ataruka ukurasa, au atadanganya. Akapanda kijinjia cha matope, akafika saa tisa mchana, akasimama katikati ya kahawa ya Lemburis. Barazani Ndeshi alikuwa anamsomea baba yake insha ya Noordin, mvulana wa mjini, kuhusu mbuzi aliyeingia dukani kwao akala kitambaa cha harusi. Lemburis alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Wahindi nao wana mambo! Soma nyingine."

Karatasi zikachakarika, na Anaeli akajua ni ipi iliyofuata. Ruka, mwanangu, Anaeli alisema moyoni. Ndeshi angeweza kusoma chochote, hata Baba Yetu, na baba yake asingejua.

"Shingo ya Mama," Ndeshi akasoma.

Alisoma yote, kwa sauti ileile aliyosomea habari za mbuzi. Hakuacha baiskeli, hakuacha utomvu. Mama yake, Nkasiogi, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na upawa mkononi.

"Hiyo ameandika nani?" Lemburis akauliza.

"Mimi, baba."

Hapo ndipo Anaeli alipopaswa kutokeza aseme, Mzee, mimi ndiye niliyemtuma, kosa ni langu. Hakutokeza. Aliogopa, na uchovu ukampa kisingizio. Akashuka kijinjia kabla hajaonekana.

Jumatatu dawati la Ndeshi lilikuwa tupu. Saa ya mapumziko Nkasiogi akaja mwenyewe na furushi mkononi.

"Baba yake amesema shule basi, Mwalimu. Nimemsihi, amekataa."

"Nilikuwa pale jana, Mama Ndeshi," Anaeli akasema. "Nilisimama kwenye kahawa. Sikutoka."

"Nilikuona."

Alilisema bila hasira, na hilo lilimuumiza Anaeli kuliko matusi. Akafungua furushi. Insha zote kumi na nne zilikuwepo, ya Ndeshi juu kabisa, imekunjamana kama iliyofinywa ngumini.

"Alitaka kuichoma," Nkasiogi akasema. "Nikamwambia imeandikwa juu ya shingo yangu, kwa hiyo ni yangu. Sasa naileta kwako. Ndeshi anasema ulimwahidi kulificha jina lake."

"Nilimwahidi."

"Sasa unamficha nani? Liandike."

Anaeli akashuka mjini na mvua. Kishor akaketi kwenye taipureta, akakohoa, akaanza. Chini ya kila insha alipiga jina la mwandishi na shule yake, kama walivyokubaliana. Alipofika kwenye ile iliyokunjamana aliisoma yote kabla ya kugusa mashine.

"Hii haina jina, Bwana Sumari."

"Ndeshi Lemburis."

Kishor akapiga jina, herufi moja moja. "Na shule?"

Anaeli, maji yakichuruzika kwenye koti lake, akalikumbuka lile dawati tupu.

"Acha wazi," akasema.