Mama Hapana na Ruhusa za Seva

Jina la Mama Hapana alipewa na watu wa maabara, na halikuwa jina la mapenzi. Kila walipoweka programu mpya wakakuta haifanyi kazi, walijua wa kumlaumu: yule mama wa chumba cha seva, mwenye mitambo inayokataa kila kitu. Mwenyewe alilisikia kwa mara ya kwanza akiwa kwenye foleni ya chai, akacheka hadi miwani ikamteleza. Alipolisimulia nyumbani, mumewe, fundi cherehani asiyeachia utani upite bure, akalidaka. Tangu siku hiyo hata watoto walipotaka kuomba jambo walianza kwa kuuliza kama mama ameamka na hapana ngapi.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Aliingia hospitali ile akiwa mpiga chapa wa idara ya kumbukumbu, akiandika kadi za wagonjwa kwa mashine iliyokuwa imepoteza herufi moja, ambayo ilibidi aijazie kwa kalamu. Kompyuta zilipoletwa wenzake walizikwepa, yeye alizikalia. Alisoma vitabu vya mwongozo huku akisubiri chungu kichemke. Mwishowe akakabidhiwa ufunguo wa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, seva tano, zile kompyuta kuu zinazohudumia hospitali nzima, na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo.

Ukali wake ulikuwa na asili yake. Miaka tisa nyuma, bwana aliyemtangulia alikuwa amezima ulinzi wa seva kwa sababu ulimchosha. Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha neno moja tu kwenye faili la mipangilio. Siku moja mtu asiyejulikana akapenya kupitia ukurasa wa kuweka miadi, na kwa kuwa hakukuwa na cha kumzuia, akatembea kutoka pale hadi kwenye mafaili ya wagonjwa, akayaharibu. Kwa siku kumi na moja hospitali nzima iliandika kwa kalamu. Yeye, wakati huo msaidizi tu, aliwekwa dirishani kuwaambia watu kwamba majibu yao hayapo. Kulikuwa na mwanamke ambaye mumewe alikatwa kipande cha uvimbe shingoni kikapimwe. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu hata hakulalamika, aliuliza tu, "Sasa nikamwambie nini?" Ilibidi yule mume akatwe tena.

Kwa hiyo alipokabidhiwa chumba, jambo la kwanza lilikuwa kurudisha ulinzi. Alivyowaeleza waliouliza, na hawakuwa wengi, seva ina programu zinazofanya kazi saa zote bila mtu kukaa mbele yake: moja inapokea majibu ya maabara, nyingine inapeleka karatasi kwenye printa, nyingine inaonyesha ukurasa wa miadi. Kwa kawaida programu ya namna hiyo hugusa chochote ambacho akaunti inayoiendesha inaruhusiwa kugusa, na akaunti ikiwa ni ya mkubwa wa mfumo, basi hugusa vyote. Ulinzi huu ulikaa ndani zaidi, kwenye kiini cha mfumo wenyewe. Kila programu inapewa lebo, kila faili linapewa lebo, kisha inaandikwa sera: lebo hii isome ile, iandike pale, basi. Kisichotajwa kimekatazwa. Programu haiwezi kujiongezea ruhusa, hata ikitekwa, hata ikijifanya ndiyo mkubwa mwenyewe.

Miezi miwili aliuacha ulinzi kwenye hali ya onyo, ambapo haukatazi kitu ila unaandika tu kile ambacho ungekikataza. Kila asubuhi aliyasoma maandishi hayo mstari kwa mstari, akijiuliza kama programu fulani inakihitaji kweli kitu inachokiomba. Aliporidhika ndipo akaugeuza ukaanza kukataza. Lakini hakuwa malaika. Kulikuwa na njia ya mkato, amri moja inayochukua kila ombi lililokataliwa na kuligeuza kuwa ruhusa. Siku ambazo kazi ilimfika shingoni aliitumia, na moyoni hakupenda kukumbuka mara ngapi.

Jumanne moja asubuhi alikuja fundi wa kampuni iliyouza programu ya maabara, kufunga toleo jipya. Saa tatu alikuwa amemaliza. Saa tatu na nusu majibu yakawa hayafiki wodini.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa wifi wa Mama Hapana, dada wa mumewe, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto.

"Wifi, nina mtoto hapa, daktari anataka kuona damu yake kabla hajamwandikia dawa. Mashine inazunguka tu."

Alimwomba atume mtu maabara akachukue karatasi kwa mkono. Wifi akakata simu bila kuaga, na kwa wifi yule, hiyo ilikuwa barua nzima.

Fundi wa kampuni alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mfukoni. Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwishasema maneno hayo sehemu nyingi, "Mama, zima tu huo ulinzi. Karibu kila ninapokwenda wameuzima." Kabla hajajibiwa, mganga mkuu akachungulia mlangoni kuuliza itachukua muda gani. Mama Hapana akaomba saa moja. Mganga mkuu akatazama saa yake, akampa nusu.

Akafungua kumbukumbu za makatazo. Skrini ilijaa mistari inayofanana, yote ya huduma ya maabara, yaani ile programu inayopokea majibu. Nyuma yake fundi alikuwa akihema, simu ya mezani ikilia tena, na yeye alikuwa ameshaichapa ile amri ya mkato. Ilibaki kubonyeza tu. Kilichomzuia hakikuwa busara. Alitaka ahesabu mistari kwanza, ili mganga mkuu akiuliza tatizo lilikuwa kubwa kiasi gani, awe na idadi ya kumtajia.

Ilikuwa arobaini na mitatu. Alipokuwa akihesabu akaona kwamba arobaini yote ilihusu folda moja, ile iliyotengenezwa na toleo jipya na kupewa lebo isiyo yake. Hapo hapakuhitajika ruhusa yoyote, ni lebo tu ya kurekebishwa. Akaifuta amri ya mkato, akarekebisha lebo, na majibu yakaanza kutiririka. Wifi akatuma ujumbe wa neno moja: "Yamefika." Fundi akashusha pumzi na kuanza kukunja nyaya zake.

Ikabaki mistari mitatu. Miwili ilisema huduma ya maabara imetaka kusoma faili la maneno ya siri ya seva. Wa tatu ulisema imetaka kufungua mawasiliano na anwani ya nje, isiyo ya hospitali wala ya kampuni. Mama Hapana akasogeza kiti pembeni ili fundi aone.

"Hii ni yenu?"

Fundi alisoma, akasoma tena. "Hapana, mama," alisema. "Programu yetu haina shughuli na maneno ya siri." Nyaya akaziweka chini.

Kuna kitu kilikuwa kimeingia pamoja na toleo jipya, kikakaa ndani ya huduma ile, kinaomba na kukataliwa. Wazo lake la kwanza lilikuwa la kumpa nafuu: sera imeshika, kitu hicho hakitoki, basi huduma iendelee hadi jioni na watu wapate majibu yao. Alikaa na wazo hilo kama dakika moja. Kisha akajiuliza kitu hicho kinaweza kufanya nini bila kutoka. Kinaweza kusoma majibu ya wagonjwa na kuyabadilisha, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo yeye mwenyewe aliiruhusu huduma ya maabara kuifanya. Sera yake isingesema kitu.

Akaizima huduma, kisha akainua simu.

"Wifi, hayo majibu yaliyofika sasa hivi usiyatumie. Yalinganishe kwanza na karatasi za maabara. Na huduma nimeifunga tena."

Wifi akauliza, "Si umeifungua sasa hivi?"

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Sijui, wifi."

Ilikuwa siku mbili na nusu. Wauguzi walipanda na kushuka ngazi na karatasi mikononi, na jina la Mama Hapana likapata vionjo vipya visivyofaa kurudiwa. Aliitwa kwa mganga mkuu akaeleza kila kitu, pamoja na amri aliyokuwa ameichapa na sababu ndogo iliyomfanya asiibonyeze. Majibu sitini na moja yaliyopita asubuhi ile yalilinganishwa moja baada ya jingine, yote yakawa sawa. Fundi mwenyewe ndiye aliyepiga simu Alhamisi kusema kwamba kompyuta yake ya safari ilikuwa na programu mbaya, nayo ndiyo iliyojibandika kwenye toleo jipya. Angeweza kunyamaza. Mama Hapana alimheshimu kwa hilo.

Hakuna aliyemshukuru, naye hakushangaa; ni vigumu kumwonyesha mtu jambo ambalo halikutokea. Mganga mkuu aliandika agizo kwamba toleo lolote jipya lijaribiwe kwanza kwenye mashine ya pembeni, jambo ambalo Mama Hapana alikuwa ameliomba kwa miaka mitatu. Yeye alirudi kwenye zile ruhusa alizozitoa kwa njia ya mkato. Alikuta kumi na saba ambazo hakuna aliyeweza kumweleza ni za nini. Aliziondoa moja moja. Mbili zilimletea malalamiko, akasikiliza sababu, akazirudisha.

Wifi hakukanyaga nyumbani kwao majuma mawili. Jumapili ya tatu alikuja, akasalimia, akakaa karibu na cherehani ya kaka yake kama aliyekuwa hapo jana. Samahani hakuomba, wala hakuombwa.

"Nimekuwa nikifikiri," alisema. "Ile programu iliruhusiwa kusoma majibu kwa sababu ndiyo kazi yake. Mimi kazi yangu ni watoto. Mbona naweza kufungua faili la mgonjwa wa wodi yoyote? Nani aliniruhusu?"

Mama Hapana akaweka kikombe mezani. Miaka yote ile alikuwa akiziuliza programu zinahitaji nini. Watu hakuwa amewauliza.

"Mimi," alisema. "Ilikuwa rahisi hivyo."

Mumewe akasimamisha cherehani, akawasogezea chaki na karatasi pana ya kukatia nguo. Wifi akavuta kiti. Wakaanza na wodi ya watoto, nani anahitaji kuona nini na kwa nini, na mambo yakaenda vizuri mpaka walipofika kwa muuguzi anayehamishwa wodi kila juma. Wifi alisema aone yote, Mama Hapana akasema aone wodi aliyopangiwa tu, wakabishana hadi chai ikapoa.