Koti la Mzee Mutua na Kifungu cha Tisa

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na kama si kwamba nimestaafu na hakuna tena wa kuniandikia barua ya onyo, ningeendelea kukaa nayo. Watu wa mtaa wa Makina wanaonikumbuka hawanikumbuki kwa jina. Wakiniona napita wanasema yule pale, ofisa aliyemuua Mzee Mutua, halafu wanacheka, nami nacheka nao kwa sababu nimechoka kujieleza. Lakini leo mmeniuliza wenyewe, basi niwaambie ilivyokuwa.

Wakati huo (miaka ya themanini mwanzoni, bado nina nywele) nilikuwa ofisa wa ustawi wa jamii, kwangu Kawangware, kazi mjini, na nilikuwa nimebebeshwa ukatibu wa kamati ya kuandika mwongozo wa taifa wa matunzo ya wazee. Msidhani ilikuwa kazi ya heshima. Kamati inakaa, inakunywa chai, inabishana kutwa nzima kama tuandike "lazima" au "inafaa", inaahirisha, na mimi narudi nyumbani jioni miguu imevimba, mke wangu akiniuliza tumefanya nini leo namwambia tumemaliza nusu ukurasa. Tulipofika kifungu cha tisa, kinachohusu mahali pa kulala, kila mtu alikuwa amechoka, wakaniachia nikiandike peke yangu. Nikaandika kwamba kila mzee atakuwa na kitanda chake, kilichoinuka kutoka sakafuni. Nilikitoa wapi? Kwenye kitabu cha nchi za baridi kilichokuwa kabatini. Hakuna mzee hata mmoja niliyemuuliza.

Halafu ikaamuliwa viwango vijaribiwe kwenye nyumba za kweli kabla mwongozo haujapigwa chapa. Nyumba itakayoshindwa kufikia viwango itafungwa, na wazee wake watawanywe kwenye makao ya mbali, popote patakapopatikana nafasi. Na nyumba ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya Mama Zena.

Mama Zena alikuwa mjane wa Kinubi pale Makina, aliyekuwa akiwapa pa kulala na chakula wazee sita wasio na mtu. Serikali haikumtuma. Alianza na mmoja aliyemkuta amelala kwenye kibaraza chake, wakaja wengine, akasema basi. Walilala chini kwenye mikeka na magodoro membamba, ukuta hadi ukuta, na kitanda kilichokuwa mle ndani kilikuwa kimoja tu, cha Mama Zena mwenyewe. Kwa hiyo kifungu changu mimi ndicho kingemfungia nyumba, mimi niliyekunywa chai yake ya tangawizi mara nyingi kuliko nilivyokunywa ile ya kamati.

Mmoja wa wale sita ndiye Mzee Mutua, Mkamba wa Kitui, mwashi wa zamani aliyejenga kuta za watu mpaka mgongo ukakataa. Alikuwa na koti zito jeusi asilolivua, jua liwake mvua inyeshe. Nilipokuwa nikimjazia fomu yetu, kwenye mstari wa "jamaa wa kuarifiwa" aliniambia niandike hakuna.

"Mimi kufa siogopi, ofisa," akasema. "Naogopa kufa halafu watu wapite tu, kama hakuna kitu."

Nikaandika hakuna, nikafunga faili.

Sasa uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo sana. Shemeji yangu ni seremala Kawangware, na wiki ile alikuwa amemaliza vitanda sita vya shule fulani. Nikamwomba aniazime kwa asubuhi moja tu. Akakubali, ila akaniambia vanishi bado mbichi, mtu asivikalie. Nikamwambia hakuna atakayevikalia, vitaangaliwa tu. (Nilisema hivyo kweli, kama mtu mwenye akili.)

Asubuhi ya ukaguzi vikaja kwa mikokoteni miwili, na mimi nyuma nasukuma kwenye kila kilima, tai imenikaba. Mama Zena alikuwa ametoka kwenda sokoni kutafuta vya kuwapikia wageni. Sikumngoja. Nikawaomba wale wazee wengine watano wakae kwa jirani kwenye kivuli, na Mzee Mutua, ambaye ndevu zake zilikuwa zimemshinda, nikamtuma kwa kinyozi. Kifungu cha kumi na mbili, usafi wa mwili. Na lile koti, nilimwambia, mzee wangu, na hili koti leo hapana. Akalivua kwa shida, nikamvalisha jaketi langu la kazini, akaenda zake polepole na fimbo. Kisha ili vitanda viingie, mimi na wale wasukuma mikokoteni tukaanza kutoa vitu nje. Mikeka, magodoro, viti, stuli, masufuria. Tukavirundika mlangoni, na juu kabisa ya rundo, kwa sababu sikutaka lichafuke, nikaliweka koti la Mzee Mutua.

Nanyi mnajua mambo yetu. Nyumba haitolewi vyombo nje asubuhi na mapema hivi hivi. Vyombo vikitoka, mikeka ikawa uani, watu hawaulizi, wanajua mle ndani kuna msiba na panatafutwa pa kukaa waombolezaji. Na kwenye rundo lile pana koti ambalo mwenyewe halivui akiwa hai.

Mimi niko ndani nashindana na kitanda cha nne kilichokataa kupita mlangoni, nikasikia mwanamke analia nje. Nikadhani ni mambo ya majirani. Akaongezeka wa pili. Nilipotoka, wanawake wanane walikuwa wameshakaa kwenye ile mikeka niliyoitoa mimi mwenyewe, leso kichwani, na mmoja ananipa pole. Nikawaambia hapana, hakuna aliyekufa, Mzee Mutua yuko kwa kinyozi. Wakatazamana. Jirani mmoja akanishika mkono, akaniambia kwa upole kwamba wanajua sisi watu wa ofisi tunaogopa kulaumiwa, lakini kifo hakifichwi. Nikaeleza tena. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonihurumia.

Wakaendelea kuja. Akina mama wa kanisa wa kutoka Magharibi, watu wa kwetu, walikuja na kuni na unga. Wazee wa msikitini wakaja na birika kubwa. Mafundi wa Kikamba waliacha kazi wakaja na nyundo zao mkononi. Mtu akaleta sukari, mwingine akatua debe la maji, moto ukawashwa. Na pembeni ukazuka ubishi wa chini chini: mzee mmoja wa msikiti anasema Mutua alifuturu nao kila Ramadhani, kwa hiyo kaburi wao ndio watakaolishughulikia, na mama wa kanisa anajibu kwamba mtu aliyewatengenezea ngazi ya kanisa hawezi kuzikwa bila wimbo. Nilisikia yote hayo, na sikuyasikia, maana macho yangu yalikuwa njiani. Nikamtuma msukuma mkokoteni mmoja akimbie kwa kinyozi. Hakurudi mpaka leo.

Landrova ya kamati ikafika. Mwenyekiti, mtu mrefu wa suti ya kijivu, akashuka, akaona umati, akavua kofia. Na dakika hiyo hiyo Mama Zena akatokea upande wa pili na kikapu, akaliona lile koti, kikapu kikamdondoka. Akanitazama mimi. Mwenyekiti naye akanitazama mimi.

"Wekesa, kuna msiba hapa?"

Hapo ndipo pangenifaa ukweli. Lakini nilikuwa nimechoka jamani, na vitanda ndani vilikuwa vinne tu, na kichwa changu kikaniambia kwamba nyumba yenye msiba haikaguliwi, watatoa pole waondoke, wiki ijayo tutajua la kufanya.

"Ndiyo, Bwana Mwenyekiti," nikasema.

Mama Zena akaketi chini palepale akalia. Hakulia kwa desturi, alilia kweli, akimwita Mutua kama anavyoitwa ndugu. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimliza yule mama kwa uongo huku nikimtazama.

Na Mwenyekiti hakuondoka. Alikuwa mtu wa adabu, kumbe, na mtu wa adabu hapiti matanga bila kuketi. Akaingia ndani na wenzake, na kabla sijamwahi akaketi kwenye kitanda cha kwanza, akainamisha kichwa, akaomba sala ndefu kwa Kiswahili kizuri. Mimi nimesimama naangalia suruali ya kijivu juu ya vanishi, na kila sentensi aliyoiongeza nilijua inazidi kushika.

Kabla hajafika amina nje kukapigwa ukelele, halafu miguu ya watu wanaokimbia. Mlangoni akasimama Mzee Mutua, kidevu kinang'aa, jaketi langu la kazini limemfika magotini. Akatazama mikeka, watu, moto, birika.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wote walinigeukia mimi.

"Ni wewe, mzee," nikasema.

Mwenyekiti alijaribu kusimama, kitanda nacho kikajaribu kusimama. Wajumbe wawili walimshika mabega, wa tatu akashikilia kitanda, na sauti ya ile suruali ikipasuka ilisikika mpaka kwa majirani. Hapo nikayasema yote mbele ya watu, vitanda vya nani, kwa nini, koti, kinyozi, na ule uongo wangu wa neno moja. Mwenyekiti alisikiliza akiwa amejiziba nyuma kwa rasimu ya mwongozo.

Mama Zena alikuwa ameshafuta machozi. Hakunitukana, afadhali angenitukana.

"Wewe Wekesa, ungeniuliza tu," akasema. "Hawa wazee wakilala kwa kitanda wanaanguka. Mutua alivunjika mkono kwa kitanda, ndio nikawaweka chini. Hiyo maneno ya kitanda iliandikwa na nani?"

Nikamwambia ni mimi.

Ukatibu nilivuliwa wiki ileile, nikapelekwa stoo kupanga mafaili ya zamani, na barua ya onyo nikapata. Shemeji yangu hakusema nami mwaka mzima. Nyumba haikufungwa. Mwongozo ulipotoka, kifungu cha tisa kilisema mzee atalala mahali pakavu na salama kwake, kwa kadiri atakavyopenda mwenyewe. Sijui nani alikiandika. Mimi nilikuwa stoo.

Lakini siku ile, kamati ilipoondoka, watu hawakuondoka. Chai ilikuwa imeshachemka, na unga umeshaletwa, wakasema basi tule. Mzee Mutua akavaa koti lake, akaketi kwenye stuli. Nilimwendea kumwomba msamaha. Akaniuliza kama ile fomu yangu ninayo. Nilikuwa nayo. Akaniambia nitafute ule mstari wa jamaa wa kuarifiwa.

"Futa hapo," akasema. "Andika."

Akaanza kuwataja, mmoja mmoja, akiwaonyesha kwa fimbo, wa msikitini, wa kanisani, mafundi, jirani aliyeleta sukari, na Mama Zena wa kwanza kabisa. Mstari ulijaa kabla hajafika popote. Nikageuza karatasi nikaandika nyuma. Alipomaliza akanitazama, akafikiri kidogo, akasema haya, na wewe jiandike, ingawa ulikuja mapema mno.

Tangu siku hiyo sijatoa kitu cha mtu nje ya nyumba yake bila kumuuliza, hata stuli. Na Mzee Mutua alipokufa kweli, miaka mitatu baadaye, ile fomu haikuhitajika. Nilikuwa napita Makina na shughuli zangu nikaona mikeka imetolewa uani, na koti juu yake, nikavua viatu nikaenda kukaa.